Namba ya Babu

Uzeeni babu yangu alisahau mengi. Alisahau alikomfunga mbuzi, akatuchanganya wajukuu, na mwishoni hakujua tena hata msimu wa kugema ulanzi. Namba yake ya Keya, lile jeshi la Mwingereza la askari Waafrika (King's African Rifles), haikumtoka. Ukimwuliza, anainuka kwenye kigoda, anabana visigino, mikono inanyooka ubavuni, anaitaja tarakimu moja moja kwa Kiingereza, halafu anakaa. Kiingereza kingine hakukijua.

Babu alipigana Bama katika vita ya pili ya dunia. Kijijini kwetu Kilolo hakuna aliyesema Burma, Myanmar ya leo; ni Bama, na wazee waliorudi waliitwa watu wa Bama. Alipanda lori hadi Dodoma, akapanda treni, kisha meli Mombasa, yeye ambaye maji makubwa aliyoyajua ni ya Ruaha Mdogo. Bahari hakuipenda mpaka anakufa. Nilipokuwa mkubwa nikaelewa kwa nini. Februari 12, 1944 meli ya Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa ametangulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, lakini kati ya waliozama walikuwamo aliokula nao.

Kutoka huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru begani, ilipelekwa Bama. Mwaka 1944 ilishuka bonde la Kabaw masika yakiwa yamepamba moto, na Desemba ikavuka mto Chindwin pale Kalewa. Babu hakusimulia risasi. Alisimulia tope linalomeza nyumbu hadi tumboni, ruba ndani ya viatu, chakula kinachodondoshwa na ndege kwa miavuli, na vidonge vya malaria vilivyowageuza ngozi ikawa na rangi ya manjano. Akifika hapo anaomba maji ya kunywa, na tunajua simulizi imeisha.

Swali lililonisumbua miaka mingi ni hili: Mhehe alikwendaje kumpigania mfalme wa Uingereza?

Iringa tunaipenda Lugalo, na mimi naipenda. Hapa mtoto wa shule anajua kwamba Agosti 17, 1891 pale Lugalo Wahehe walikiangamiza kikosi cha Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na yeye mwenyewe akauawa. Kambi kubwa ya jeshi Dar es Salaam inaitwa Lugalo. Tunajua Kalenga, ngome ya mtwa wetu Mkwawa, ilivyoanguka 1894, Mkwawa alivyojipiga risasi Julai 19, 1898 ili asishikwe, na fuvu lake lilivyorudishwa 1954. Baada ya hapo wasimulizi wetu wananyamaza, kana kwamba alipokufa Mkwawa mikuki yote ilizikwa naye.

Haikuzikwa. Mwaka 1905, miaka saba tu baadaye, Kapteni Nigmann wa boma la Iringa alitoka kwenda kuiokoa Mahenge iliyozingirwa na wapiganaji wa Maji Maji, na Wahehe walifuatana naye. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Wajerumani walikuwa wamepata somo Lugalo: watu hawa wanajua vita, basi wapigane upande wetu. Mwingereza naye akairithi sifa hiyo pamoja na nchi. Agosti 29, 1916, katika vita ya kwanza ya dunia, majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza, yaliyoingia nchini kwa upande wa Tukuyu, yaliiteka Iringa, na watu wa nyanda zetu wakajikuta kwenye majeshi yote mawili, la Mjerumani na la Mwingereza, wengine na bunduki, wengi na mizigo kichwani. Simlaumu kijana wa mwaka 1905 ambaye baba yake aliona Kalenga ikibomolewa kwa mizinga. Ninachotaka ni asimuliwe naye pia.

Nenda makaburi ya vita pale Iringa mjini. Utasoma majina ya Waingereza, watu wa Afrika Kusini, Wajerumani. Wapagazi waliokufa kwa njaa na kuhara njia nzima ya kutoka Tukuyu hadi Iringa, jina la nani limechongwa? Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba makumi ya maelfu ya waliokufa, Waafrika wengi wakiwamo, hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao. Hata kiinua mgongo cha kumaliza vita ya pili kilipangwa kwa rangi ya ngozi. Babu alirudi na koti zito la jeshi na pesa zilizotosha ng'ombe wawili. Koti lilidumu kuliko ng'ombe.

Tulipomjengea kaburi, baba wadogo walibishana. Mmoja alitaka msalaba na jina tu, kwa sababu vile vita havikuwa vyetu. Mwingine alitaka iandikwe Keya. Wakati wanabishana, shangazi, aliyemuuguza babu hadi mwisho, alichuchumaa na msumari wa inchi nne, akaiandika ile namba kwenye saruji mbichi, tarakimu moja moja, akiitaja kwa sauti kama alivyokuwa akiitaja baba yake.