Ijumaa ndani ya gereza

Familia nyingi hapa Malindi zenye jamaa gerezani huvunjwa moyo kwa neno moja: "Kashafungwa huyo, haki gani tena?" Ibara ya 51 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataa maneno hayo. Mfungwa na mahabusu hubaki na haki zao zote, isipokuwa pale ambapo haki yenyewe haipatani kabisa na kuwa kizuizini. Kwenda msikiti autakao hawezi. Kuswali, kufunga, kusoma msahafu au Biblia anaweza.

Hata hivyo uhuru wa dini, Ibara ya 32, haumo miongoni mwa haki zisizoguswa za Ibara ya 25. Unaweza kuwekewa mipaka kwa masharti ya Ibara ya 24: pawe na sheria, sababu iwe na uzito, na isiwepo njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Mwenye kuthibitisha hayo ni serikali. Jambo hili ni kubwa. Marekani mwaka 1987, katika kesi ya O'Lone, wafungwa Waislamu wa New Jersey waliokoseshwa swala ya Ijumaa na ratiba ya kazi walishindwa kwa kura 5 kwa 4, kwa kuwa kanuni ya gereza ilionekana ya busara. Kwetu busara peke yake haitoshi.

Chukua Ramadhani. Chakula cha jioni kikigawiwa saa kumi, aliyefunga atafuturu baada ya saa kumi na mbili. Gereza likisema usalama hauruhusu kugawa chakula usiku, swali ni: kwa nini asiwekewe sahani yake, ikafunikwa, akaingia nayo selo? Hiyo ndiyo njia nyepesi, na wao ndio wa kueleza kwa nini haifai.

Anzeni kwa barua kwa msimamizi wa gereza. Isipojibiwa, Ibara ya 22 inamruhusu ndugu kwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya mfungwa, bila ada ya kufungua kesi, na kanuni za 2013 za kuendesha kesi za haki za kikatiba zinakubali hata barua ya kawaida. Malalamiko mengi huanguka kwa kutokuwa bayana. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru, 1979, mahakama hutaka kujua ni haki ipi na imevunjwa vipi. "Ananyimwa dini" haitoshi. Andikeni tarehe, kilichoombwa, aliyekataa na sababu aliyotoa. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki nyumbani.