Mzee alivyopata kifaa cha mkojo kinachomfaa

Mzee wangu alikuja kwangu hapa Nkuhungu akitokea Kondoa baada ya kufanyiwa operesheni ya tezi dume, tukajua atakaa mwezi apate nguvu arudi kwake. Mpira wa mkojo ukatolewa salama, halafu ikaanza shida ambayo hakumwambia mtu. Niliijua kwa vitu vidogo vidogo, mara kaacha chai ya jioni, maji hagusi na hili joto la Dodoma la Oktoba, Ijumaa anasema miguu inauma haendi msikitini, na kila akinyanyuka kwenye kiti anashika kanzu kwa mbele. Siku nimetoka nje usiku nikakuta anaanika msala aliofua mwenyewe gizani. Hapo nikamwambia baba, kesho tunarudi kwa daktari.

Naandika haya kwa sababu mwenyewe nilivyokuwa natafuta msaada wa mtu anayevuja mkojo nilikutana na matangazo ya dawa za kienyeji tu, wakati vifaa vipo na havihitaji kisu.

Kitu cha kwanza daktari alichofanya ni kumwambia akakojoe halafu akampiga ultrasaundi kuangalia kama kibofu kinaisha mkojo wote. Nilishangaa, mtu anavuja mkojo wewe unatafuta mkojo uliobaki? Akanieleza kuna wanaume wanavuja kwa sababu kibofu kimejaa hakitoki vizuri, kwahiyo kinafurika kama ndoo, na huyo ukimbana au ukimvalisha kifaa ukanyamaza unaweza kuharibu figo. Sasa cha mzee kilikuwa kinaisha vizuri, tatizo ni ule msuli wa kufungia mkojo umelegea baada ya operesheni, akikohoa au akiinua ndoo unatoka. Akapewa mazoezi ya kukaza misuli ya chini kama mtu anayezuia haja, akaambiwa awe mvumilivu, inaweza kuchukua miezi, wengine hadi mwaka. Na maji anywe! Kumbe ukijinyima maji mkojo unakuwa mkali na unazidi kukichokoza kibofu.

Tukaanza na pampasi za watu wazima maana ndizo zinazopatikana kila duka la dawa. Usiku zilisaidia sana, hilo siwezi kukataa. Lakini mchana kwa joto hili, wiki mbili tu mapaja yalikuwa mekundu yanawaka, na pakiti zinaisha haraka mpaka unaanza kuhesabu hela ya mboga.

Ndipo tukaenda kwenye kondomu katheta, yaani mpira unaovaliwa kwa nje kama kondomu, mbele una mrija unaoingia kwenye mfuko unaofungwa mguuni. Nilienda duka moja la vifaa vya hospitali nikauliza saizi, yule kijana akanipa tu akasema hii inaenea wote. Haikuenea. Tukiwa kwenye bajaji tunaelekea Sabasaba ikachomoka, mzee akanyamaza kimya mpaka nyumbani, na siku tatu hakutaka kusikia habari ya vifaa.

Kumbe hiyo kitu inapimwa bwana! Kuna 25, 29, 32, 36 mpaka 41, ni milimita za upana wake. Ikiwa kubwa inavuja na kuchomoka, ikiwa ndogo inabana damu na kuchubua ngozi, na hilo la pili ni baya zaidi. Mimi mtoto wake siwezi kumpima, na yeye hakutaka nesi wa kike. Nikamkatia ukanda wa karatasi kwenye daftari la mwanangu, nikamwambia baba zungushia mwenyewe katikati, weka alama ya peni pale karatasi inapokutana. Akaingia chumbani akafunga mlango. Alitoka na ile karatasi kaikunja mara nne akanipa bila kuniangalia. Nikaipima kwa rula, sentimita tisa na kidogo, ukigawa kwa 3.14 unapata 2.9, yaani milimita 29. Ile niliyouziwa ilikuwa 36.

Tulichukua za silikoni maana za mpira wa kawaida wengine zinawatoa vipele. Anavaa hivi: anaosha, anakausha kabisa, hapaki mafuta wala krimu yoyote kwa sababu gundi iliyo ndani ya mpira haishiki, nywele anapunguza kwa mkasi sio wembe, na mbele anaacha nafasi kidogo mrija usijikunje. Anabadilisha kila siku. Mfuko anaumwaga kabla haujajaa maana ukiwa mzito unavuta.

Kuna na kibanio, kinabana uume kwa nje kuzuia mkojo. Daktari alisema kinafaa mtu mwenye akili timamu na anayesikia maumivu vizuri, anakifungua kila saa moja au mbili, na halali nacho kamwe. Mzee ana kisukari na ganzi kidogo, tukaachana nacho, na nadhani tulifanya vizuri.

Kilichokuwa kinamuumiza kuliko vyote ni swala, alijiona hana twahara tena. Nilimpeleka kwa sheikh wa mtaani wakakaa wawili. Akaambiwa mtu wa namna yake anajisafisha, anajikinga, wakati wa swala ukiingia anachukua udhu anaswali hapo hapo, kinachotoka baada ya hapo ni udhuru. Alirudi anaongea njia nzima.

Sasa hivi ratiba ni yake. Nyumbani asubuhi anavaa pedi ndogo tu kwa sababu mazoezi yameanza kuleta nafuu, usiku pampasi, safari ya Kondoa au msiba ndio anavaa mpira na mfuko chini ya kanzu na hakuna anayejua. Jana kanipigia akiwa huko huko Kondoa, kabla hata sijamaliza salamu akasema, "Zimebaki tatu, niletee zile za 29, usikubali wakupe nyingine."