Joto la Prosesa Lisilopita Kwenye Alumini

Leo nimeshinda dukani kwa kaka, hapa Tanga, nikiishughulikia kompyuta yake ya mezani ambayo kwa majuma kadhaa imekuwa ikizimika yenyewe kila anapoanza kuskani mitihani ya shule na kuigeuza kuwa maandishi. Fundi wa jirani alikwisha kumshauri abadilishe pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na mteja mmoja akamwambia apige Windows upya. Mimi niliomba kwanza nisome nyuzi joto, kwa sababu mashine inayozimika wakati wa kazi nzito na kutulia wakati wa kazi nyepesi inapaswa kushukiwa joto kabla ya kitu kingine chochote.

Prosesa yenyewe, yaani chipu kuu inayofanya kazi zote za hesabu, ni ya mwaka 2013, yenye viini vinne na kiwango cha wati 84. Prosesa nyingi za mezani za wakati ule zina kikomo cha takriban nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikifikia hujipunguzia kasi ili zisiungue, na joto likizidi kupanda hukata umeme kabisa. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo inayowapotosha wengi, kwani mwenye kompyuta haoni joto, anaona uzito tu, na kwa uzito huo mashine nzima hutangazwa kuwa imezeeka. Inanisikitisha kufikiria ni mashine ngapi zimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa kosa hilo.

Nilichokitazama zaidi ni namna joto linavyopanda. Vumbi likiziba mapezi ya hitisinki, yaani bonge la alumini linalokaa juu ya prosesa kupokea joto lake ili feni ilipulize, au chumba kikikosa hewa, nyuzi hupanda taratibu, dakika baada ya dakika, kwa kuwa alumini yote inapashwa kwanza. Hii ya kaka ilikuwa kwenye nyuzi hamsini na kitu ikiwa imetulia, na mara tu nilipoipa kazi iliruka hadi tisini na kitu ndani ya sekunde chache. Feni ilikuwa ikivuma kwa nguvu zake zote. Niligusa hitisinki karibu kabisa na mzizi wake, nikakuta ina uvuguvugu tu, na hewa iliyotoka humo ilikuwa karibu sawa na ya chumba. Hapo nilikuwa na hakika: joto lilikuwa limekwama kwenye prosesa, halivuki kwenda kwenye alumini, na feni, hata ingekuwa mpya na kubwa mara mbili, ingepuliza bure.

Baada ya kuzima na kuchomoa waya wa umeme, niliitoa mazabodi, ubao mkuu unaobeba prosesa, ili niione upande wa chini. Feni za aina hii hushikwa na pini nne za plastiki; kila pini ina ncha nyeupe iliyopasuliwa katikati, na kijiti cheusi kinachoshuka ndani yake kuitanua ili isichomoke. Tatu zilikuwa zimetokeza vizuri. Ya nne ilikuwa imeishia ndani ya tundu, haikutanuka, kwa hiyo kona moja ya hitisinki ilikuwa imeinuka kiasi ambacho jicho lisingekiona kutoka juu. Pesti nayo, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili joto livuke, ilithibitisha: upande mmoja ilikuwa nene na mbichi kidogo, upande wa pili imekauka na kupasuka kama tope la bwawa lililokaukiwa.

Nilisafisha nyuso zote mbili kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikaweka tone la pesti mpya lenye ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, kisha nikabana pini mbili zinazotazamana kona kwa kona kwa pamoja, halafu mbili zilizobaki, na kugeuza mazabodi tena kuhakikisha ncha zote zimetanuka. Kubana kwa mshazari ni jambo la lazima, maana ukianza na upande mmoja pesti husukumwa yote upande wa pili.

Kazi ileile ya kuskani sasa inaifikisha prosesa kwenye nyuzi 68 na kutulia hapo, huku chumba kikiwa na 31. Nimemwandikia kaka tofauti hiyo ya 37 kwenye karatasi niliyoibandika ubavuni mwa keisi, kwa sababu joto la Tanga la Februari si la Julai, na namba ya prosesa peke yake haitamwambia kitu. Tofauti hiyo ikianza kukua kwa kazi ileile, aanze kwa kupiga bloa kwenye mapezi. Ikiruka ghafla, atazame pini.