Nilivyobadilisha meko ya nyumba ya kale kwa fedha kidogo

Kwenye nyumba ya kale yenye meko ya kuotea moto, macho ya kila mtu huenda kwenye fremu na nakshi zake. Mimi nilianza na dohani, yaani njia ya kupandishia moshi hadi juu ya paa, na ndiyo maana fedha zilitosha. Fundi alizoa masizi na kiota kikavu cha ndege, akaipasha dohani joto, akawasha kidonge cha moshi na kuziba mdomo wa meko. Tukapita vyumba vya juu tukinusa kila kona. Moshi ungepenya chumbani, dohani ingehitaji kuvishwa bomba jipya kwa ndani, na akiba yote ingeishia huko. Ulitokea juu ya paa tu. Kabla ya jibu hilo sikununua hata kigae kimoja.

Kuvunja nilivunja mwenyewe. Fremu ya chuma huwa na masikio pembeni, yamekazwa ukutani kwa skrubu kisha yakafichwa na lipu. Nilibandua lipu kwa tindo, taratibu, hadi nikayaona, nikafungua skrubu huku mwenzangu ameishikilia fremu kwa juu. Ni nzito mno. Ikidondoka huvunja mguu. Kamba iliyoziba mwanya kati ya chuma na tofali sikuigusa mpaka ilipopimwa, kwa kuwa zamani kamba za namna hiyo zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Rangi kuukuu nayo huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo sikuipiga msasa mkavu. Niliipaka dawa ya kuilainisha, nikaikwangua ikiwa bado mbichi.

Fremu nyingine nilipata kwa wauza mabaki ya nyumba zilizobomolewa, nikiwa na vipimo vya uwazi mkononi. Hapa usione haya kugonga: chuma cha kusubu kilicho kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Kutu ya juujuu si tatizo, brashi ya waya inaitoa. Ufa ni wa kuacha palepale, maana chuma hicho ni kigumu kuchomelea.

Fedha niliyookoa kwenye fremu niliipeleka ndani, kwenye matofali ya kuhimili moto. Umbo nililofuata ni lile alilolieleza mwanasayansi Count Rumford mwishoni mwa karne ya 18: meko yenye kina kifupi, kuta za pembeni zimekaa mshazari ili zirushe joto chumbani, na koo jembamba, yaani mwanya wa kuingilia dohani, linalovuta moshi vizuri. Kwangu hiyo ndiyo kazi yenye thamani kuliko zote, ingawa mgeni haioni.

Lipu ya ukutani niliirudisha kwa chokaa. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupitisha unyevu ukakauka. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hunasa ndani na lipu huanza kubanduka.

Niliacha kila kitu kikauke sawasawa, nikaanza na vimoto vidogo. Kengele ya kutahadharisha kuhusu kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, ilikuwa imeshafungwa. Kuni nachoma kavu tu, zenye unyevu usiozidi asilimia 20, kwa sababu kuni mbichi hugandisha lami ndani ya dohani, na lami hiyo ikishika moto huunguza nyumba.