Karatasi ya Meza: Safari ya Posa Kutoka Muheza Hadi Bukavu

Shangazi yangu alifunga safari ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, na leso nne za mkononi. Alizipiga pasi zote, akazikunja pembe nne, akazitia kwenye pochi moja na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano. Ilikuwa Oktoba 2019. Mdogo wangu, aliyekuwa ameishi Goma miaka mitatu akiuza vipuri vya magari, alikuwa amepata mchumba wa Bukavu, na kwa kuwa baba yetu hayupo tena duniani, wa kupeleka posa alikuwa shangazi. Mimi nilikwenda kama msindikizaji na mbeba mizigo.

Ya njiani sitayasema mengi. Basi la Dar es Salaam hadi Kigali linachosha mwili wa mtu mzima, na Rusumo, mpakani mwa Rwanda, tulifika miguu ya shangazi imevimba. Kigali tulilala. Kesho yake tukapanda na kushuka vilima mpaka Rubavu, na alasiri tukavuka kwa miguu kuingia Goma kupitia mpaka mdogo, ule unaoitwa kwa Kifaransa Petite Barrière. Wanawake walitupita na beseni za nyanya kichwani.

Mwaka ule ulikuwa wa Ebola. Julai mgonjwa wa kwanza alikuwa amethibitishwa Goma, na siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likautangaza mlipuko ule kuwa dharura ya kimataifa. Kwa hiyo pale mpakani hakuna aliyepita bila kunawa. Palikuwa na mapipa yenye mabomba, maji yake yananuka jiki, na kijana mwenye kipimajoto anakulenga kipaji cha uso. Watu walisalimiana kwa viwiko. Shangazi alinawa mpaka kwenye vifundo, akanusa viganja vyake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hawa watu wanajua maji," akasema.

Kwake hiyo ni sifa kubwa. Nyumbani kwetu Muheza maji ndiyo adabu yenyewe. Kabla ya kula mtoto hupita na birika na beseni, baada ya kula hupita tena. Chooni kuna kopo. Karatasi ya chooni shangazi huinunua akisikia anakuja mgeni kutoka mbali, huiweka juu ya dirisha la choo, na mgeni akiondoka inabaki palepale mpaka ivute unyevu. Mezani kwake hukuta kitambaa cheupe cha kupangusia mikono, alichokidarizi mwenyewe. Najua mama lishe wengi wa kwetu nao huweka roli ya tishu kando ya chupa ya chai, na sisi vijana tunaivuta bila kufikiri. Lakini shangazi hali kwa mama lishe.

Ndiyo maana jioni ile, katika kigahawa kimoja cha mtaa wa Birere, Goma, nilimwona akisita. Mdogo wangu alituagizia bugali, sombe (kisamvu chetu) na sambaza wa kukaanga. Sambaza ni ndugu wa dagaa wa Kigoma kwa maana halisi: walichukuliwa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa Ziwa Kivu, na sasa ni chakula cha kila nyumba. Huliwa kwa vidole, mzima mzima na kichwa chake, na mafuta hukufika kwenye kifundo. Katikati ya meza palikuwa na kopo tupu la siagi lililotobolewa kifuniko, na kutoka kwenye tundu ulichungulia mkia wa karatasi laini ya rangi ya waridi.

"Mwanangu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "hiyo si ya chooni?"

"Ni tishu tu, shangazi."

Hakujibu. Alifungua pochi, akatoa leso ya kwanza.

Leso ya pili iliishia kwenye boti. Tuliondoka Goma asubuhi, mlima Nyiragongo umevaa wingu, na nyuma yetu ule mji uliojengwa upya juu ya mawe meusi ya volkano iliyoukata vipande viwili Januari 2002. Kisiwa cha Idjwi tulikwenda nacho ubavuni muda mrefu. Wavuvi walikuwa wanarudi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu pamoja, miti mirefu ya nyavu imenyooshwa mbele na nyuma. Mama aliyeketi karibu nasi alitugawia maandazi, kila moja limeshikwa kwa kipande cha karatasi ileile. Shangazi alipokea andazi kwa leso na kile kipande akamrudishia kwa adabu. Yule mama alikipokea, akamtazama kidogo, akageuka kuangalia maji. Nililiona lile jicho na likanikaa rohoni. Tulikuwa hatujafika hata ukweni.

Bukavu ukiutazama kutoka ziwani ni mkono ulioingizwa majini, rasi zake tano ndizo vidole. Nyumba ya wakwe ilikuwa mtaa wa Kadutu, juu, kwenye mteremko ambako paa la jirani liko usawa wa kizingiti chako. Tulipandishwa ngazi za udongo huku watoto wakitutangulia na kupiga kelele: "Bageni bamefika!" Kwenye mlango palikuwa na ndoo ya bomba na sabuni. Tukanawa. Binti mchumba, kwa heshima, alimpokea shangazi pochi na mtandio, akavipeleka chumba cha ndani kitandani kwa mama yake.

Leso mbili zilizobaki zilikuwa ndani ya pochi ile.

Meza ilikuwa ndefu, kitambaa chake cha kufuma kimefuliwa kikawa kama maziwa. Bugali uliopigwa duara na kufunikwa, kuku, nyama ya mbuzi, lengalenga (mchicha), sombe, sambaza, soda, na kwa wazee jagi la kasiksi, pombe yao ya ndizi. Katikati kabisa, mahali ambapo shangazi angeweka ua, palikuwa na sahani ya kaure yenye michoro ya bluu, na juu ya sahani roli ya karatasi ya chooni, bado imo ndani ya nailoni yake.

Baba mkwe aliomba dua. Kijana akapita na beseni na jagi, mara ya pili sasa, tukanawa tena. Kisha mama mkwe akasimama. Alichukua ile roli, akaiinua kidogo watu waione, akapasua nailoni. Alikata vipande vitatu kwa kipimo kimoja, akavikunja, akamzungukia shangazi na kumpa kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo.

Shangazi alikuwa ameinua mikono yake mibichi, maji yanadondoka kwenye kitambaa. Hakupokea.

Sijui ilikuwa muda gani. Pale mezani ulikuwa muda mrefu. Mdogo wangu aliinamisha macho. Nilinyoosha mkono nikapokea mimi, nikajipangusa, nikasema "aksanti, mama" kama wanavyosema wao, lakini jambo halikuwa langu na kila mtu alilijua hilo. Wajomba wa binti waliacha kuzungumza.

Shangazi ni mtu wa ukweli, na namheshimu kwa hilo. Hakutafuta kisingizio. "Mkwe wangu," alisema, "niulize bila ubaya. Kwetu karatasi hii tunaijua ya msalani. Nikiiona kwenye chakula moyo unarudi nyuma. Sitaki nikae na neno hili tumboni, kesho tutakuwa ndugu."

Nilidhani posa imevunjika. Mama mkwe alishangaa, na niliona wazi kwamba mshangao wake ni wa kweli. "Ya msalani?" akasema. "Hapana, mama. Kule sisi tunatumiaka maji. Iyi ni ya meza."

Akaeleza, na alieleza bila hasira. Karatasi ile katika nyumba yake haijawahi kuingia chooni. Ni ya mikono ya mgeni, ya mtoto mwenye mafua, ya kumpa mtu anayelia msibani. Hufunguliwa mbele ya mgeni ili aone haijaguswa na yeyote. Zamani na yeye alikuwa na taulo ya mezani, kila aliyenawa alijipangusia hiyohiyo, mpaka habari za Ebola zilipoanza. Akaitoa. "Taulo moja, mikono kumi," alisema, akatikisa mabega kama mtu aliyeguswa na kitu cha baridi. "Mimi siwezi kukupa ile."

Shangazi alinyamaza. Najua alikiona kitambaa chake cha darizi, kile kinachozunguka meza ya Muheza kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, na ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukikataa usoni pake. Halafu akanyoosha mikono yote miwili, akapokea zile karatasi, akajipangusa kidole kimoja kimoja. Baba mkwe akasema, "Tule." Posa ikapokelewa kabla ya jioni, ng'ombe wakajadiliwa kwa saa tatu, na katika saa hizo zote hakuna aliyegusia tena karatasi.

Usiku, mdogo wangu na mimi tuliketi nje kwenye ngazi, taa za boti za wavuvi zikimetameta chini ziwani. Alikuwa na uchungu na shangazi. Mimi sikuwa nao, nilikuwa na fikra tu. Nilimweleza niliyowahi kuyasoma: kwamba karatasi ya chooni ya kwanza kuuzwa madukani Marekani, ya Joseph Gayetty mwaka 1857, iliuzwa kama dawa, karatasi bapa ndani ya pakiti. Kwamba tishu ya Kleenex ilipotoka mwaka 1924 ilikuwa ya wanawake kuondolea krimu usoni, na wateja wenyewe ndio walioihamishia puani. Korea Kusini roli hukaa juu ya meza za migahawa, na anayekwenda kuona nyumba mpya ya rafiki humpelekea pakiti ya hizo roli zawadi, ili mambo ya nyumba yafunguke na kuteremka bila kukwama. Karatasi yenyewe ni nyuzi za mti zilizolowekwa na kukaushwa. Jina "ya chooni" tumeibandika sisi, na wasafiri wengi wanaokuja Kongo wakapiga picha ya roli mezani kuwachekesha watu wa kwao hawajawahi kuuliza mwenye meza anaiitaje. Hilo linaniudhi, nalisema wazi.

Asubuhi shangazi alitoa zawadi zake: doti tatu za kanga. Wakati mama mkwe anazikunjua na kusoma majina kwa sauti, nilikumbuka kwamba kanga nayo, kama wazee wa pwani wanavyosimulia, ilianza na leso, vile vitambaa vya mkononi walivyovileta Wareno, wanawake wakavishona pamoja hadi vikawa vazi. Mombasa hadi leo kanga huitwa leso. Kitu cha kufutia jasho kikapanda mpaka kikawa cha kumfunga bi harusi. Mama mkwe alijifunga papo hapo, juu ya kitenge chake.

Tulipoaga alitufungashia sambaza wakavu kwenye kapu, na juu yake akaweka roli mpya, nailoni haijaguswa. "Ya njiani, mama." Shangazi hakuiacha kapuni. Aliichukua akaitia kwenye pochi, pamoja na leso mbili zilizokuwa bado na mkunjo wa pasi na kitabu chake cha sala.

Kwenye boti kulikuwa na upepo. Mtoto wa abiria mmoja alitapika, na kabla mama yake hajapata la kufanya shangazi alikwishapasua nailoni, akakata vipande vitatu, akavikunja na kumpa kwa mikono miwili. Alikata vingine tulipokula ndizi za kuchoma Rubavu, na vingine Kigali.

Rusumo tuliteremka kunyoosha miguu. Nilikuwa na haja, na kwenye choo cha kituo bomba lilikuwa limekatika. Nilirudi mbio kwa shangazi nikamwomba kipande cha karatasi. Alishika pochi yake kwa mikono miwili, akanitazama kama mtu niliyemwomba sahani nikaogee.

"Hii ni ya meza," akasema. Akanipa chupa yake ya maji ya kunywa.