Noti nne tu, lakini usizidharau: kuimba regilaul kwa kwaya

Ukifungua nota za Veljo Tormis (1930–2017), mtunzi wa muziki wa kwaya kutoka Estonia, utakuta melodi ya noti nne au tano ikirudiwa ukurasa baada ya ukurasa. Usidanganyike.

Melodi hizo zinatoka katika regilaul, nyimbo za kale za Waestonia. Mstari una mizani 8, kama kipande kimoja cha shairi letu, ila hauna kina mwishoni. Maneno hushikamana kwa sauti zinazofanana mwanzoni, na mstari unaofuata husema jambo lilelile kwa njia nyingine. Kiongozi akikaribia kumaliza, kundi hudakia silabi zake za mwisho, kisha huurudia mstari mzima. Naye kiongozi hudakia mwisho wao. Kimya hakipo.

Hapo ndipo kwaya huharibu. Wote wakipumua mwisho wa mstari, mnyororo umekatika. Gawa kila sauti makundi mawili, wapumue kwa zamu, na katikati ya mstari.

Kosa jingine ni mkazo. Maneno ya Kiestonia kwa kawaida hukazwa silabi ya kwanza, lakini pigo la muziki mara nyingine huangukia silabi nyingine. Kwaya inayogonga kila pigo huugeuza wimbo kuwa gwaride. Someni maneno kwanza bila melodi, kwa mwendo wa kuongea, hadi ulimi uzoee, ndipo muimbe.

Tormis haichezei melodi. Huiacha ilivyo, akabadilisha unene wa kinachoizunguka: besi hushika noti moja ndefu, sauti huongezeka moja moja, akodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) husogea sambamba. Kwa hiyo besi ikishuka kidogo tu, kwaya nzima inashuka nayo. Ipimeni kwa kinanda kila baada ya beti chache. Mart Saar, mtunzi Mwestonia aliyemtangulia, alizivika melodi za kienyeji akodi nzito zaidi, na mtunzi mwenzake Cyrillus Kreek alipenda kanoni, sauti moja ikiifuata nyingine.

Kwa kuanzia, kwaya ya wanaume ina Mardilaulud, ya wanawake ina Kiigelaulud, na ya mchanganyiko ina Jaanilaulud, zote kutoka mkusanyiko wa Tormis, Eesti kalendrilaulud (“Nyimbo za kalenda za Kiestonia”, 1966–67). Raua needmine (“Kulaani chuma”, 1972) ya Tormis, yenye ngoma ya kishamani (ya waganga wanaowasiliana na mizimu), isubiri: waimbaji wakipandwa na mori huikimbiza ngoma, na kasi ikishapanda mapema, kile kilele hakina pa kwenda.