Muhogo wa Mkuranga

Juni 2012 nilitumwa Mkuranga, mkoani Pwani, kutathmini mradi wa utafiti wa mbegu za muhogo uliogharamiwa na serikali. Tulikuwa watatu, mimi mdogo kuliko wote. Tulikwenda Juni kwa sababu mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30, na ripoti hutakiwa iwe mezani kabla ya siku hiyo, muhogo uwe umekomaa au la.

Njiani nilisoma jedwali la viashiria. Pingili, yaani vipande vya shina vya kupanda, zilizogawiwa: lengo limevukwa. Wakulima waliofundishwa: limevukwa. Mashamba darasa: yote yapo. Siku zile wanasayansi walizungumza sana juu ya asilimia 1 ya pato la taifa, ambayo nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kuitenga kwa utafiti. Kiongozi wetu alisema ripoti mbaya itawapa wenye fungu sababu ya kukata. Hofu yake niliielewa, maana nami niliitaka sana ile asilimia 1.

Shamba la kwanza lilipendeza macho. Majani mapana, mabichi, hayana batobato, ule ugonjwa wa mabaka ya majani. Tulipiga picha, bwana shamba akasaini fomu, tukaanza kurudi garini. Bibi mwenye shamba alikuwa amesimama kando na panga lake. Nilipokwenda kumuaga akaniuliza, "Mwanangu, mbona hamng'oi?"

"Tung'oe nini, bibi?"

"Mmekuja kuangalia muhogo au kisamvu?"

Aling'oa shina mwenyewe, akakata mzizi mmoja katikati. Badala ya weupe, ndani mlikuwa na madoa ya kahawia, makavu kama kizibo. Akakata wa pili, wa tatu. Yale yale.

"Mbegu nilipewa, kidole gumba nikaweka," alisema. "Hakuna aliyerudi kuniuliza nimekula nini."

Ilikuwa michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na mtafiti Storey kule Amani, Tanga, mwaka 1936. Ni ugonjwa wa kujificha: majani yanaweza kuonekana mazima huku mizizi ikiharibika chini. Nzi weupe huueneza, na pingili iliyokatwa kwenye shina gonjwa huvipeleka virusi vyake shamba jipya. Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Ile hesabu ya pingili, mstari uliong'ara kuliko yote kwenye jedwali letu, huenda ilikuwa hesabu ya ugonjwa tuliougawa kwa fedha za umma.

Mtafiti mkuu wa mradi tulikuwa naye palepale. Nilitegemea atajitetea. Alichutama, akaokota kipande, akakigeuzageuza muda mrefu. Akasema aliomba fedha za kupima virusi kwenye mashamba mama kabla ya kukata mbegu, zikaja robo ya mwisho, watu wameshapanda. "Andika, ndugu yangu," aliniambia. "Tukinyamaza, mwakani nitaupeleka wilaya nyingine."

Tulirudia mashamba yote tuliyokuwa tumepangiwa, safari hii kwa panga, tukiwalipa wenye mashamba kila shina tulilong'oa. Mengine yalikuwa safi kabisa, na hayo pia niliyaandika.

Usiku, nyumba ya wageni, tulibishana na kiongozi hadi taa ya jenereta ikazimwa. Fomu haikuwa na nafasi ya mizizi, kwa hiyo nilichukua rula nikachora mstari mpya chini ya jedwali: mizizi iliyopasuliwa, inayolika, isiyolika. Asubuhi aliusoma kimya, akasaini. Akaongeza kwa mkono wake kwamba ugawaji usimame mpaka mashamba mama yapimwe, na tathmini ijayo ifanyike wakati wa mavuno.

Tukiondoka tulipita kwa bibi. Mashina yalikuwa yameshang'olewa, amekusanya chungu nzima ayachome.

"Sasa mbegu nzima mtaniletea lini?" aliuliza.

Sikuwa na tarehe ya kumpa. Nilitoa fomu kwenye mkoba, nikaliandika swali lake kama alivyolisema, chini ya ule mstari wa rula.